Kadi za Manila na Rafiki Niliyemsoma Mbele za Watu

Ukurasa huu ulikuwa uwe wa mapazia. Picha nilishapiga, na mpiga picha ameshalipwa. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu Mei 2024, na kila nikishika kalamu niandike kuhusu vitambaa linanijia lenyewe, kwa hiyo nimeona bora nilitoe. Mapazia yatasubiri.

Nianze na mume wangu. Ni mwalimu wa chuo hapa Dar es Salaam, anafundisha uhandisi wa programu za kompyuta. Siyo kutengeneza kompyuta iliyokufa, kama mashangazi zangu wanavyodhani kila sikukuu wanapomletea mashine zao zilizomwagikiwa chai. Kazi yake ni kufundisha vijana namna ya kupanga na kujenga programu kubwa, zile zinazotengenezwa na watu wengi kwa pamoja na kutumiwa na watu wengi zaidi, bila kuuana njiani. Miaka yote ya ndoa yetu niliamini hiyo ni kazi ya watu wasiopenda watu. Unakaa na skrini, skrini haikujibu, mnapendana.

Basi bwana, mwaka jana yake akaanza tabia mpya. Ijumaa jioni anapita dukani ananunua pakiti za spageti, selotepu na kamba. Nikadhani anataka kunipikia. Kumbe ni vifaa vya darasani! Anawagawa wanafunzi wanne wanne, kila kundi linapewa spageti 20 ambazo hazijapikwa, selotepu ya yadi moja, kamba ya yadi moja na pipi moja laini ya marshmallow, na dakika 18 za kujenga mnara mrefu kadiri wanavyoweza, pipi ikae kileleni. Siku aliyokosa pipi alitumia kaimati niliyokaanga mimi mwenyewe, na minara yote ikaanguka. Nilikasirika kidogo.

Mchezo huo ulibuniwa na mtu anayeitwa Peter Skillman, na Tom Wujec aliupa umaarufu mwaka 2010 alipoueleza kwenye jukwaa la TED. Kilichowashangaza watu ni kwamba watoto wa chekechea hujenga minara mirefu kuliko wahitimu wa shule za biashara. Wahitimu hutumia muda kupanga, kuchora na kupimana nani ndiye bosi, halafu dakika ya mwisho wanaweka pipi juu na mnara unapinda. Watoto hawana bosi. Wanaweka pipi mapema, ikianguka wanajua, wanarekebisha, wanaweka tena.

"Ndiyo programu hiyo," mume wangu akaniambia tukiwa mezani. "Pipi ndiyo mteja. Ukimweka mwishoni, unaanguka."

Nikacheka, nikamwambia wazazi wanalipa ada watoto wao wakacheze na spageti. Hakukasirika, si mtu wa kukasirika. Akanieleza kwamba hata jina la taaluma yake lilipata umaarufu kutokana na aibu. Oktoba 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano ulioandaliwa na NATO, kwa sababu programu kubwa zilikuwa zinachelewa, zinapita bajeti, na nyingine zikifika hazifanyi kilichotakiwa. Mwaka 1975 Fred Brooks, aliyesimamia kazi kubwa ya programu katika kampuni ya IBM, akaandika kitabu chenye hoja ambayo kila mwanamke angeweza kumwambia bure: kazi ikichelewa, kuongeza watu kunaichelewesha zaidi, kama ambavyo wanawake tisa hawawezi kugawana mimba moja wakazaa baada ya mwezi.

Sababu mojawapo ni hesabu, na hesabu hii niliipenda. Watu watano kwenye kundi wana mahusiano kumi kati yao, maana kila mmoja anatakiwa aelewane na kila mwenzake. Wakifika 25, mahusiano yanakuwa 300. Fikiria mambo 300 yanayoweza kuharibika! Na mimi, msomaji wangu, nipo kwenye kundi la watu 25.

KIKOBA CHETU

Ni kikoba cha wanawake, tulikianzisha 2017. Kama uko Tanzania sina haja ya kukueleza sana, labda wewe mwenyewe una vitatu. Mtindo wa vikundi hivi vya kuweka na kukopa ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukasambaa Afrika nzima. Tunakutana Jumamosi moja baada ya nyingine. Hisa ni shilingi 5,000, unanunua kuanzia moja hadi tano kwa kikao. Unaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zako. Mwisho wa mzunguko tunavunja, tunagawana, tunaanza upya. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ambao hakuna hata mmoja anayeshika uongozi, na vitabu vya wanachama hulala humo humo ndani ya sanduku ili asiwepo wa kwenda kujiandikia nyumbani.

Mimi ni katibu. Walinichagua kwa sababu nina mwandiko mzuri na digrii ya mawasiliano.

Mwanzoni mwa 2024 mume wangu akaniomba niende darasani kwake niwe mteja. Alitaka wanafunzi wasanifu programu ya kikoba, lakini kwa karatasi tu, hakuna kompyuta itakayowashwa. Na alitaka mteja wa kweli, siyo yeye kujifanya mama wa kikoba na kitenge kiunoni, maana mwaka uliopita alifanya hivyo na hakuna aliyeweza kusikiliza. Nikamzungusha hadi Mei. Alhamisi moja nikaenda.

DARASANI

Vijana 30, makundi sita ya watano. "Shikamoo madam," nikaitikia, nikakaa mbele kama bibi harusi. Mume wangu akaweka mezani kadi alizokata kwenye manila, kila moja inchi nne kwa sita, na makapeni moja tu kwa kila kundi. Moja tu. Nilidhani ni ubahili, nikaja kuelewa baadaye.

Mbinu yenyewe ni ya Wamarekani wawili, Kent Beck na Ward Cunningham, waliyoitoa kwenye mkutano wa mwaka 1989. Huyo Cunningham ndiye pia baadaye, 1995, alianzisha tovuti ya kwanza ya wiki, ambayo ndiyo babu yake Wikipedia unayonakilia insha za watoto. Kila kadi ni mhusika mmoja ndani ya programu. Juu unaandika jina lake. Kushoto unaandika wajibu wake, yaani anachokijua na anachokifanya. Kulia unaandika washirika wake, yaani wale anaowahitaji ili atimize wajibu huo. Basi. Nyuma ya kadi huruhusiwi kuandika kitu. Kadi ni ndogo kwa makusudi: ikijaa, ujue huyo mhusika umembebesha mno, mgawie mwingine.

Wakaanza kunihoji, dakika ishirini. Faini ya kuchelewa ni shilingi ngapi? Mwanachama akifariki, hisa zake anachukua nani? (Jamani, hilo hatukuwa tumeliandika popote. Wanawake 25, miaka saba.) Mtu anaweza kukopa kabla hajamaliza mkopo wa kwanza? Nikasema hapana. Mmoja akauliza, "Hata mwenyekiti?" Nikanyamaza kidogo, nikasema inategemea. Wakaandika.

Halafu wakazama kwenye makundi yao, nami nikawa nazunguka na kikombe cha kahawa. Ningekuwa na kamera! Kundi moja lilimaliza dakika kumi na tano likibishania rangi ya skrini, kijani au bluu, wakati kadi zote bado nyeupe. Kundi jingine lilikuwa na kijana mmoja anayejua kila kitu, makapeni iko mkononi mwake, wenzake wanne wanamtazama kama wako kwenye daladala na yeye ndiye dereva. Mume wangu akapita, akaichukua ile makapeni bila neno, akampa binti aliyekaa pembeni kabisa, akaenda zake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ni moja.

Kundi la tatu lilikuwa na kadi moja iitwayo Mfumo. Mfumo anapokea hela, Mfumo anakopesha, Mfumo anatoza faini, anatuma meseji, anapiga hesabu za kuvunja. Walishajaza mbele na walikuwa wanaiba nafasi ya nyuma. Mume wangu akawauliza, "Huyu Mfumo akiumwa siku moja, nani anapika?" Darasa likacheka. Mimi nikamfikiria mama yangu.

NIMRUDISHE NYUMA KIDOGO MSOMAJI

Kabla sijakueleza kilichotokea, lazima nikuambie kuhusu rafiki yangu. Simtaji jina. Tulilala chumba kimoja chuoni miaka mitatu, alikuwa mpambe wangu siku ya harusi, mwanawe ananiita mama mkubwa. Ni yeye aliyenileta kwenye hicho kikoba.

Mwaka 2022 alikopa shilingi 600,000. Ilipofika Desemba, siku ya kuvunja, kazi yangu ilikuwa kusoma majina ya wadaiwa kabla ya mgawanyo. Daftari lilionyesha amerejesha vizuri, lakini bado 150,000 hazijaonekana. Nikasoma jina lake mbele ya wanawake 24. Akasimama, akasema amelipa yote, amekuwa akituma kwa simu wiki ambazo hatukuwa na kikao. Tangu 2020 tulipoacha kukutana kwa muda kwa ajili ya korona tulizoea hivyo, hela inaenda kwa mweka hazina, mweka hazina ananitumia meseji, mimi naandika.

Nikamwambia, na sauti yangu naikumbuka hadi leo, "Daftari halina rafiki."

Akaniangalia. "Kwa hiyo mimi mwongo?"

Sikujibu. Akachukua mkoba akaondoka, hakusubiri hesabu. Deni likakatwa kwenye hisa zake pamoja na faini ya 60,000, na bahasha yake ikaja kuchukuliwa na mdogo wake wa kike. Miezi 17 hatukuongea. Tukikutana misibani anakaa mkeka wa mbali. Na mimi moyoni nilikuwa na kauli yangu ya kujifariji: pesa hugombanisha watu, ndivyo ilivyo.

"YA NINI?"

Sasa turudi darasani. Kadi zikishakuwa tayari zinachezwa. Kila mwanafunzi anashika kadi yake, anakuwa ndiye huyo mhusika. Mwalimu anataja tukio. Kadi inayofanya kazi inainuliwa juu, na huruhusiwi kufanya jambo ambalo halijaandikwa kwenye kadi yako. Ukihitaji kitu, unamwomba mshirika wako, naye anainua.

Tukio la kwanza, mwanachama anakopa. Kadi zikainuka, zikashuka, safi kabisa. La pili, mwanachama amechelewa kikao. Safi. La tatu mume wangu akasema, "Mwanachama anarejesha mkopo. Lakini ni Jumanne, hakuna kikao, anatuma kwa simu."

Binti mwenye kadi ya Mweka Hazina akainua. "Nimepokea 25,000 kutoka kwa mwanachama. Natuma taarifa kwa Daftari."

Kijana mwenye kadi ya Daftari akainua. "Nimepata jina na 25,000." Akasita. "Ya nini?"

"Mimi wajibu wangu ni kutuma jina na kiasi," binti akajibu, akimwonyesha kadi. "Ndivyo madam alivyosema."

"Sasa mimi naandika wapi? Hisa, mkopo au faini?"

Kadi zote zikabaki juu, hakuna wa kushusha. Wakanigeukia mimi, vijana watano na mikono yao hewani. Yule wa Daftari akauliza kwa heshima zote, "Madam, ikija hivyo huwa mnaandika wapi?"

Nikasema, "Kama haijasemwa, ni hisa." Tena nilisema haraka, kama mtu anayetaja jina lake.

Elfu ishirini na tano. Hisa tano. Kiwango cha juu cha hisa kwa mara moja, kiasi ambacho wanachama wengi hutuma bila hata kufikiri. Na 150,000 ni mara sita ya hiyo. Nikahisi miguu imekuwa maji, nikaweka kikombe chini.

Mume wangu hakuona, alikuwa ameshageukia darasa. Akawaeleza kuhusu Mars Climate Orbiter, chombo cha Marekani kilichorushwa Desemba 1998 kwenda sayari ya Mars na kupotea Septemba 23, 1999. Upande mmoja wa wahandisi ulituma namba kwa vipimo vya Kiingereza, vya paundi, upande wa pili ukazipokea kama vipimo vya metriki, vya nyutoni. Kila upande ulipiga hesabu zake sawasawa. Namba ilipita katikati haijasema yenyewe ni ya nini, na chombo kikaingia chini mno kwenye anga la Mars. "Kosa halikai ndani ya kadi," akawaambia, "mara nyingi linakaa kati ya kadi na kadi."

Mimi ndiye niliyesoma mawasiliano, jamani. Mwaka wa kwanza tulichora mchoro wa Claude Shannon wa mwaka 1948 hadi tukauota: mtumaji, ujumbe, njia, kelele, mpokeaji. Nilipata alama nzuri sana kwenye mtihani huo.

Njiani kurudi nilikuwa kimya. Mume wangu akaniuliza, "Mama, wanafunzi wamekuudhi?" Nikamwambia endesha gari.

Daftari la 2022 lilikuwa juu ya kabati. Sikuvua hata viatu. Februari, Machi, mbili za Mei, Julai, Septemba. Mara sita, kwa mwandiko wangu mzuri, tarehe ambazo hatukuwa na kikao, jina lake, 25,000, safu ya hisa. Nikampigia mweka hazina, akatafuta kwenye simu yake ya zamani. Alikuta meseji nne kati ya sita. Zote rafiki yangu alikuwa ameandika neno moja mbele ya kiasi: rejesho. Mweka hazina alikuwa ananitumia mimi jina na kiasi, kwa sababu ndicho tulichokubaliana, na ni mimi niliyempa utaratibu huo ili meseji ziwe fupi.

Hela yake haikuibiwa. Ilikuwa safu ya pili, ikimlipa faida, wakati mimi namsoma kama mdaiwa. Na yeye hakuweza kuiona kwa sababu kitabu chake kilikuwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu.

JUMAPILI

Nilienda bila kupiga simu. Nilijua nikipiga hatapokea. Mlango alifungua binti yake, amerefuka hadi sikumjua. "Shikamoo mama mkubwa." Nikashindwa kuitikia vizuri.

Alitoka jikoni anafuta mikono. Hakunikaribisha kukaa, nami sikukaa. Nikafungua daftari juu ya meza, nikamwonyesha. Alipita mstari kwa mstari na kidole, akarudi mwanzo akapita tena.

"Kumbe nilikuwa tajiri wa hisa," akasema.

"Nisamehe."

"Ulinisoma mbele za watu."

"Ndiyo."

"Basi kanisomee tena mbele za watu hao hao."

Akaingia jikoni. Baada ya muda binti akaniletea chai, sijui ni yeye alimtuma au ni adabu za mtoto tu. Nikainywa peke yangu.

Jumamosi iliyofuata nikasimama kwenye kikao. Mwenyekiti hakupenda. Alisema mzunguko ulishafungwa, tulishagawana, tusifukue makaburi. Wengine wakasema kosa ni la mweka hazina. Nikasoma tarehe sita na kiasi, nikataja mwandiko ni wa nani, nikasema jina lake na kwamba hakuwa anadaiwa hata senti. Nilitaka kulipa ile faini mwenyewe. Bibi mmoja mkubwa kuliko wote kikobani akakataa, akasema faini tuliila wote. Wanachama 24, kila mmoja 2,500, ikafika 60,000 kamili, na yeye bibi ndiye aliyeipeleka.

Vijana wale hawakupata alama za juu kuliko wote, kwa taarifa yako. Walisahau kabisa tukio la mwanachama kufariki, na kundi la ile makapeni iliyohamishwa liliwapita. Niliomba nipewe kadi ya Daftari. Mume wangu akasema ni mali ya chuo, akaninyima, akaja kuniletea usiku. Yule kijana alikuwa ameongeza mstari mmoja kwenye upande wa wajibu: asipokee kiasi kisicho na sababu. Kwenye daftari letu sasa kuna safu mpya inayoitwa YA NINI, na mweka hazina akiniletea kiasi kitupu namrudishia. Vitabu vya wanachama bado viko ndani ya sanduku, hilo tunabishana.

Rafiki yangu hakurudi kikobani. Alisema ameshazoea kuweka hela yake benki ambako hakuna anayemjua. Ila mwezi Agosti mwaka huo huo, siku ya kuzaliwa ya mwanangu, simu yangu ililia. Elfu kumi, kutoka kwake, ikifuatiwa na meseji: "Ya keki ya mtoto. Usije ukaniandikia hisa."